Mbegu Kavu Iliyolowa

Kwako Kaka,

Salamu zangu zikukute umekaa kitako, mguu ule mbovu umeupandisha juu ya kiti kama daktari alivyoagiza, ingawa nakujua, hapo ulipo umesimama. Goti linaendeleaje? Shemeji aliniambia kwenye simu kwamba bado unakwenda uwanjani kila Jumamosi, eti kuwaangalia tu waamuzi wapya, na kwamba unarudi unachechemea huku unasingizia kiatu. Mimi afya ninayo. Nakula, sina homa, kikohozi kile kimekwisha. Lakini nimejaa hasira hadi kooni, na nisipoziandika leo nitamrushia mtu kikombe.

Unisamehe kwa kimya cha miezi minne. Juzi ulipopiga nikakwambia niko mkutanoni, sikuwa mkutanoni. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma za taasisi, simu mkononi, sijui nianzie wapi. Kuna mama mmoja hapa kazini atapokonywa miaka mitatu ya jasho lake Jumatatu hii kwa sababu ya neno moja lisilo na maana. Nikieleza kwa mdomo nachanganya mambo, na wewe una tabia ya kunikatiza. Kwenye barua huwezi. Kwa hiyo tulia, unisome hadi mwisho, hasa huko mwisho.

Kazi yangu unaijua, ingawa nyumbani bado wanadhani nauza mbegu. Hatuuzi. Tunauliza kwa nini mbegu nyingine ukizimwagilia leo zinaota baada ya siku tatu, na nyingine za mmea uleule, zilizotoka kwenye tunda lilelile, zinakaa kwenye unyevu wiki tano bila hata kupasuka. Hizo tunasema zimelala. Mkubwa wetu, profesa ambaye sote tunamwita Mzee Ganda (mwenyewe akisikia hucheka), ndiye aliyeandika kitabu cha kueleza usingizi huo. Jibu lake lilikuwa jepesi na zuri. Ganda la mbegu iliyolala halipitishi maji, alisema, kwa hiyo ndani mbegu ni kavu, na mbegu kavu haiwezi kuamka. Sura ya kwanza ina mstari ninaoujua kwa moyo: "Mbegu iliyolala ni mbegu kavu, ikishavuta maji, haijalala tena."

Niliposoma mstari huo mara ya kwanza niliupenda kama wewe unavyompenda mchezaji asiye na madoido. Unajua anachosema, na unaweza kumbishia. Mletee mbegu moja iliyojaa maji na bado imelala, umemshinda, na sote tumejifunza kitu siku hiyo.

Sasa fungua sura ya tano ya toleo la pili, ukurasa wa kushoto, chini kabisa, mahali ambapo msomaji amechoka na macho yanamteleza. Pameandikwa: "Mbegu iliyolala huweza kuvuta maji mengi na bado ikabaki kavu, kwa maana ya ukavu tendaji."

Rudia tena, Kaka, taratibu. Imevuta maji mengi. Ni kavu. Nimezunguka ofisi zote kuuliza ukavu tendaji ni mdudu gani. Mmoja aliniambia ni ukavu wa kina zaidi. Wa pili akasema ni hali ya mbegu kuwa na maji ambayo yenyewe haiyahesabu. Haiyahesabu! Kama mbegu ina daftari! Yule mwenzetu anayekaa chini ya feni inayolia alinishauri kwa upole kwamba hiyo ni dhana pana na si vizuri kuibana. Neno limeshaingia kwenye mitihani, na wanafunzi wanalikariri, wanapata alama zao na kwenda zao nyumbani.

Huyo mama niliyekutajia ni mwanafunzi wa udaktari, umri wake kama wangu. Tunamwita Bi Mizani kwa sababu habanduki kwenye mizani. Ni mwalimu wa sekondari aliyeomba ruhusa kazini, akawaacha wanawe wawili kwa dada yake, akaja kusoma. Alichukua mbegu mia sita, akazipa namba, akapima kila moja, akailoweka, akaifuta kwa karatasi, akaipima tena, asubuhi na jioni kwa siku arobaini. Halafu akaanza upya na mia sita nyingine, asije akaambiwa alibahatisha. Vidole vyake vimekunjamana kama vya mtu anayefua kila siku. Alichokipata kinaeleweka hata na mtoto. Mbegu nyingi zilizolala zilikuwa zimekunywa maji hadi uzito wake kukaribia mara mbili. Maji yalikuwa ndani, na zenyewe zimelala fofofo.

Jumanne iliyopita aliitwa mbele ya jopo. Mimi nilikuwa katibu, kazi yangu kuandika kumbukumbu na kunyamaza. Tulikaa kwenye chumba kile cha meza ndefu yenye kioo kilichopasuka pembeni, watu watano upande mmoja na yeye peke yake upande wa pili, na projekta ambayo huzimika ikijisikia. Alieleza kazi yake kwa nusu saa bila kuangalia karatasi. Alipomaliza wakampongeza. Wakamwambia kwamba matokeo yake yanaafikiana vizuri sana na nadharia, kwa kuwa mbegu hizo, ingawa zimejaa maji, zina ukavu tendaji.

Bi Mizani akashukuru, kisha akaomba kuuliza. Alitaka kujua, kama mizani ingemwonyesha kinyume, yaani mbegu zilizolala hazikuvuta hata tone, nadharia ingekuwa imeanguka? Wakamjibu kwamba hapana, huo ungekuwa ukavu wa kawaida, sura ya kwanza. Akauliza, na kama nusu zingevuta na nusu zisivute? Wakamwambia basi sura zote mbili zingekuwa zimethibitishwa. Hapo akaweka kalamu chini, akauliza ni kitu gani hasa alipaswa kukiona kwenye mizani yake, katika miaka mitatu, ili wao waseme kwamba nadharia imekosea. Mmoja akasogeza kiti. Projekta ikazimika yenyewe. Baadaye yule wa feni akakohoa, akasema kwamba nguvu ya nadharia kubwa ni kukumbatia mengi, na anayetafuta kosa kila mahali hajakomaa kisayansi.

Ndipo wakakata kauli. Kwamba tasnifu yake ilikusudia kuipima nadharia, lakini yeye hakubali kwamba nadharia imefaulu, kwa hiyo haina hitimisho. Aandike upya sura ya mwisho na kusema wazi kwamba nadharia imeimarika, ailete Jumatatu, au arudi kwao mikono mitupu. Ruhusa yake ya kazi inakwisha mwezi huu. Nikaandika yote hayo kwenye kumbukumbu kwa mwandiko mzuri. Sikukosea hata herufi, na hilo nalo linaniudhi.

Wewe ni refa, hili unalielewa kuliko maprofesa watano. Tuseme kitabu cha sheria, ukurasa wa kwanza, kinasema mpira uliovuka mstari umetoka. Halafu ukurasa wa tano kinasema mpira uliovuka mstari waweza kuwa bado uko ndani, kwa maana ya undani tendaji. Utapuliza nini? Ukipuliza uko sahihi, usipopuliza uko sahihi. Timu hii ikidai ni goli ina ukurasa wake, ile ikikataa ina wa kwake. Kwa kitabu kama hicho mimi ninaweza kukuthibitishia kwamba timu iliyofungwa saba bila ndiyo bingwa, na huna pa kunishika. Filimbi yako inakuwa kelele tu, watu wangeweza kukaa nyumbani.

Nilimweleza hivyo yule wa feni siku iliyofuata, tukiwa kwenye korido, nikiwa nimejitahidi kushusha sauti. Akanichekea kama mtu anavyomchekea mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Akaniambia kwamba hakuna nadharia iliyokamilika, zote zina mapengo, na sisi si wanahesabu. Kaka, nani kasema habari za mapengo? Pengo silichukii. Nadharia ikisema hili silijui, naiheshimu, maana imeniachia kazi. Ikisema hili liko hivi, kisha ikaonekana haliko hivyo, naiheshimu zaidi, kwa kuwa imeniachia nafasi ya kuisahihisha. Ila hii inayosema ndiyo na hapana kwa pumzi moja, utaisahihisha wapi? Haikosei kamwe. Na kwa kuwa haikosei kamwe, haijakwambia kitu chochote kuhusu mbegu. Nilimwambia hayo yote. Akaangalia saa yake.

Usidhani ni maneno ya ofisini tu. Alhamisi alipiga simu bwana mmoja mkuu wa ghala la mbegu, mtu mwenye sauti nene na haraka zake. Alikuwa na trei mia tatu za kupanda, wafanyakazi wamesimama na msasa mikononi, akataka kujua wazikwarue mbegu ganda au waziache. Nilifungua kitabu. Kwa sura ya kwanza, akwarue zote, maji yaingie, ziamke. Kwa sura ya tano, kukwarua hakusaidii kitu, na mbegu iliyojeruhiwa huoza. Nikamsomea kurasa zote mbili kwa sababu sikuwa na lingine la kumsomea. Akauliza kama kitabu hicho kiliandikwa na watu wawili walionuniana. Mwishowe akasema atakwarua nusu na nusu aziache, na akanishukuru kwa msaada wangu, Kaka, akanishukuru.

Nilipokata simu nilibaki nimekaa, macho kwenye ule ukurasa wa sura ya tano. Swali lake lilinichoma, maana alikuwa amegonga palepale. Kiliandikwa na watu wawili.

Sasa nakuomba ukumbuke ile fainali yako. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kipindi cha kwanza ulikataa goli la wageni kwa sababu mfungaji alikuwa ameotea. Kipindi cha pili wenyeji wakafunga goli la aina ileile, mtu kasimama palepale, na ukalikubali. Hakuna aliyelalamika kwa nguvu, wenyeji walikuwa wanacheza ngoma hadi barabarani. Ulirudi nyumbani hukula. Ukaniambia nikupigie mistari kwenye karatasi kwa rula, ukaanza kuandika ripoti ya kujishitaki. Mama alikusihi uiache, akisema jicho la mtu si mashine. Ukamjibu kwamba kosa la jicho husameheka, lakini filimbi mbili kwa jambo moja zinauharibu mchezo wote, hata kwa walioshinda. Walikufungia msimu mzima. Nami kuanzia siku ile nikawa mbishi wa kila kitu, hadi ukanipa jina hilo.

Basi nisome vizuri. Neno "ukavu tendaji" nimelitunga mimi.

Ni miaka sita iliyopita. Mzee Ganda alikuwa ametoka kufanyiwa operesheni ya macho, hawezi kusoma, na wachapishaji wanataka toleo la pili. Akanikabidhi kazi ya kulitayarisha, nikawa namsomea kwa sauti ofisini kwake, pazia limefungwa, na yeye bandeji usoni. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Ni yeye aliyenitafutia kazi hii, na nilipolazwa mwaka wangu wa kwanza yeye ndiye aliyeniletea supu kwenye chupa ya chai. Kabla ya kufika sura ya tano nilikuwa nimefanya jaribio dogo, ili tu niweke jedwali moja jipya. Mbegu arobaini. Kumi na tisa kati yake zilivuta maji na hazikuamka. Nilizipima mara nne nikiomba mizani iwe mbovu.

Ningemwambia. Nilifika mlangoni kwake na daftari la kijivu mkononi, nikamkuta ameinamisha kichwa, anasikiliza redio. Nikarudi. Nikasimama dirishani na kikombe cha chai, nikatafuta namna ya kuweka zile mbegu kumi na tisa bila kuugusa mstari wake wa sura ya kwanza. Haikunichukua robo saa. Ukavu tendaji! Niliona raha, Kaka, usinione mwongo. Nilijiona mwerevu. Nilipomsomea sentensi hiyo akasema sawa, endelea. Wakaniongezea mkataba.

Nilidhani neno lile lingekaa pale chini ya ukurasa, halina madhara. Mwaka uliofuata nikaliona kwenye mtihani. Kisha kwenye makala za watu nisiowajua. Kila nilipomuuliza mtu maana yake, sikuwa nauliza kwa kutojua. Nilikuwa natafuta mmoja tu aniambie kwamba halina maana, ili kazi ya kulisema iwe yake. Bi Mizani ndiye aliyelisema, na mimi nikaandika kumbukumbu. Hasira zote hizi ninazokumwagia tangu ukurasa wa kwanza, wa kuzipokea ni mimi. Nadai vitabu visijipinge, na mimi mwenyewe kwa miaka sita nimekuwa mbishi aliyenyamaza.

Jana asubuhi nilijikaza, nikamwendea Mzee Ganda na lile daftari la kijivu. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Akauliza zilikuwa ngapi. Nikamwambia kumi na tisa kati ya arobaini. Halafu akanieleza jambo ambalo sikulitegemea. Kwamba siku ile nilipomsomea hakuielewa sentensi hata kidogo, lakini alidhani mimi ninaielewa. Na kitabu kilipotoka, jina lake likiwa juu, aliona aibu kuniuliza. Miaka sita alikuwa akilifundisha neno langu akiamini kwamba kuna mtu mmoja chumba cha pili anayejua maana yake. Nilicheka, kisha nikalia, naye akanipa kile kitambaa cha miwani nijifute.

Baadaye akataka kujua, kati ya sura ya kwanza na ya tano, ifutwe ipi. Nikamwambia neno langu lazima lifutwe, ila hilo halitauokoa mstari wake, maana mbegu zilishajibu. Alitikisa kichwa polepole. Mstari ule ndio kazi ya maisha yake. Hakunifokea, na ingekuwa nafuu kama angenifokea.

Kutoka hapo nikaenda kwa Bi Mizani. Nilimkuta kwenye sinki, anaosha sahani za vioo. Nikasema yote. Akafunga bomba. Hakunitukana. Aliuliza kama daftari lina uzito wa kila mbegu, nikamwambia linao. Akaniambia kwamba mwanawe mdogo alianza kutembea yeye akiwa hapa, akasimuliwa kwenye simu, na kwamba jibu alilokuwa akilitafuta lilikuwa kwenye droo yangu, hatua kumi kutoka kwenye mizani yake. Akakausha mikono, akachukua daftari, akaondoka bila kuaga. Sikumfuata.

Jumatatu saa tatu jopo linakaa. Mzee Ganda amekubali barua yangu ya kukiri isomwe kabla Bi Mizani hajaulizwa lolote. Yule wa feni ameshasikia, na ameshaniambia kwamba mkataba ni kitu chepesi. Huenda mwezi ujao ukanikuta hapo kwenu, nimelala sebuleni, nikikupikia chai mbaya. Yakiwa hayo, usinionee huruma, nipe kazi ya kukubebea bendera za pembeni.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Mama msomee barua hii hadi pale kwenye simu ya ghala, uishie hapo, mengine nitamwambia mwenyewe. Na goti lako, tafadhali, likalishe.

Jambo la mwisho. Barua ya jopo ilinishinda kuianza tangu jana. Nimechana karatasi nane. Leo mchana ndipo nilipokumbuka mistari niliyokupigia kwa rula, na maneno uliyoandika juu yake, ya kwanza kabisa: "Mwamuzi alikosea. Mwamuzi ni mimi." Nimekuibia. Yangu inaanza hivi: "Neno hili halina maana. Aliyelitunga ni mimi."

Mdogo wako,
Mbishi